UZI: Mavazi ya benchi la ufundi shuleni – rangi gani, kitambaa gani, na nani atambulike kwanza? (Mwanza)

MwalimuWaPembeni (mleta uzi)

Wakuu, wangaluka.

Nafundisha sekondari moja ya serikali hapa Mwanza, upande wa Nyamagana, na ndimi mwalimu wa michezo. Mkuu wa shule amenikabidhi kazi ya kupata mavazi ya benchi letu zima kabla ya UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya. Tuko 12: makocha wa soka wavulana, soka wasichana, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono na riadha, wasaidizi wawili, matroni, mhudumu wa huduma ya kwanza na mtunza vifaa. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu, maana jambo hili limenikaa moyoni.

Mwaka jana tulipeleka timu kwenye bonanza la shule hapa hapa mjini. Viwanja vinne vimepangana, vumbi, spika zinapiga muziki, shule zaidi ya kumi. Binti yetu mmoja wa kidato cha kwanza, mchezaji wa akiba wa netiboli, akaenda chooni. Aliporudi, mechi yetu ilikuwa imeisha na timu nyingine imekalia pale tulipokuwa. Akamfuata mgambo wa getini. Mgambo akamuuliza swali la kawaida kabisa: mwalimu wako amevaaje? Akajibu: tisheti nyeupe.

Siku ile walimu wengi pale walikuwa na tisheti nyeupe. Mimi nilivaa ya sensa, matroni alivaa ya Mei Mosi, msaidizi wangu alikuwa na jezi ya klabu anayoishabikia. Tulimpata baada ya dakika kama 45, amekaa juu ya jiwe chini ya mwembe, raba zake amezifunga kamba pamoja na kuzipakata mapajani. Alikuwa halii. Alipomwona matroni ndipo akaanza kulia, na kilio kile sijakisahau.

Tangu siku hiyo nikisikia watu wanasema sare ya benchi ni urembo, nanyamaza tu. Mtoto akiumia, akipotea, akibanwa na pumu katikati ya kelele, anatakiwa ainue macho aone watu wake. Basi msingi wangu ni huo, na mengine yote nayapima hapo.

Kamati yetu ya michezo inataka traksuti. Bei niliyopewa ni 55,000 kwa moja, kwa watu 12 ni 660,000. Mimi nataka fulana za kola, kofia, na vizibao vichache vya majukumu, na suruali kila mtu avae yake ya bluu ya giza ambayo karibu wote tunayo. Nisaidieni kwenye rangi, kitambaa na namna ya kuweka nembo. Kitu kimoja nishaonja: miaka miwili nyuma tuliagiza fulana kwa duka moja la kuprinti, nembo ikaanza kubanduka kwenye ufuaji wa tatu, na fulana tano zilizoletwa wiki iliyofuata zilikuwa na kijani tofauti kabisa na zile saba za mwanzo. Sitaki kurudia.

Nawasilisha.

IgomaMwisho

Mwalimu, pole sana kwa mkasa wa mtoto. Ila mimi bado niko upande wa traksuti. Benchi la klabu yetu ya Pamba Jiji likiingia uwanja wa Kirumba limevaa sawa juu mpaka chini, hata wewe shabiki unaona hapa kuna timu. Wanafunzi wetu nao wanastahili kuona walimu wao hivyo. Fulana na suruali ya kila mtu ya nyumbani itakuwa bluu kumi na mbili tofauti.

MwalimuWaPembeni

Mkuu, hoja ya bluu kumi na mbili nimeipokea, itabidi tukague suruali kabla.

Lakini tuangalie saa na jua. Mechi zetu nyingi ni kuanzia saa nane mchana, tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Traksuti ile ya bei hiyo ni poliesta nzito yenye bitana ndani. Kufikia dakika ya ishirini kocha ameshavua koti na kulifunga kiunoni, na chini yake amevaa nini? Tisheti ya Mei Mosi. Tumerudi kule kule. Vazi la benchi ni lile analobaki nalo mwilini saa tisa alasiri, na hilo ndilo nataka pesa iende.

Asubuhi za Juni kipupwe kinauma, nakubali. Kwa hiyo sharti moja litakuwa: ukihisi baridi vaa sweta lako, ila kizibao au fulana iwe juu ya sweta. Ajabu kidogo kwa macho lakini rangi inabaki nje.

RefaWaZamani

Nimechezesha mechi za shule kanda hii kwa miaka mingi, nikiwa kati na nikiwa pembeni na kibendera. Niseme yanayohusu sheria.

Sheria ya 4 ya soka inadai timu mbili zitofautiane rangi na zitofautiane na waamuzi, na kila kipa atofautiane na wote hao. Haisemi lolote kuhusu shati la kocha, lakini mwamuzi wa pembeni anateseka sana kocha akivaa rangi ya wachezaji wake. Nakimbia na mstari, natazama beki wa mwisho, pembeni ya jicho naona kijani kinasogea, ni nani? Mchezaji au mwalimu aliyesimama anapiga kelele? Na nimeona kwa macho yangu beki mdogo wa kulia akimpasia mwalimu wake mpira ukatoka, kwa kuwa aliona jezi ya rangi yake imesimama huru. Kwa hiyo rangi ya kwanza ya kuondoa kwenye orodha ni ya jezi zenu, za nyumbani na za ugenini. Ya pili ni nyeusi na njano ambazo waamuzi tunavaa sana.

Lingine ambalo walimu wengi hawalijui. Tangu msimu wa 2019/20 mwamuzi anaweza kumwonesha mtu wa benchi kadi ya njano au nyekundu. Na kosa likitoka benchini na mwamuzi asimtambue aliyelifanya, kadi inakwenda kwa kocha mwandamizi aliyepo kwenye eneo la ufundi. Sasa fikiria mzazi mwenye hasira amepenya akakaa benchini, akatukana. Mwalimu unakula kadi yake. Benchi likiwa na vazi moja, mimi nikija kukagua kabla ya mechi naona mara moja nani si wenu, namwondoa.

Na eneo la ufundi lenyewe ni dogo: mita moja kila upande wa viti, na kwenda mbele mpaka ibaki mita moja kufika mstari. Anayetoa maelekezo ni mmoja kwa wakati. Watu 12 hamtakaa wote pale, kwa hiyo panga mapema nani anavaa na kuingia, nani anavaa na kukaa na watoto wengine kivulini.

MwalimuWaPembeni

Mwalimu Refa, shikamoo. Hili la kadi kwenda kwa kocha mwandamizi sikulijua na nimelisoma mara mbili. Nitalibandika ubaoni ofisini.

Jezi zetu ni kijani nyumbani, nyeupe ugenini. Kwa hiyo kijani, nyeupe, nyeusi na njano zimeondoka. Na hata kama jezi zisingekuwa kijani, kijani na njano pamoja zina maneno: kwa wengine ni Yanga, kwa wengine ni chama, na mtumishi wa umma hatakiwi asomeke kama amevaa sare ya chama akiwa kazini. Zambarau nayo ina chama chake. Nyekundu watasema Simba. Nilikuwa nawaza damu ya mzee, inaficha jasho na vumbi.

RefaWaZamani

Marahaba mwalimu. Damu ya mzee iache. Kuna watu, hasa wanaume, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Kwao damu ya mzee na kijani cha kukoza vinakaribia kuwa kitu kimoja. Mchezaji wako mmoja anaweza kuwa hivyo na hajawahi kusema. Chagua rangi inayoachana na jezi kwa mwanga, si kwa jina tu: moja iwe ya giza sana au iwe ya kung'aa sana.

MadamWaNetiboli

Habari za jioni wote. Naongea kama mwanamke wa benchini, maana naona makaka wanashona bila kutupima.

Kila mwaka tunaletewa fulana za kiume. Mabega yanateremka mpaka karibu na kiwiko, kifuani pamebana, chini panaishia nusu ya nyonga, ukiinama kumfunga mtoto kamba za raba mgongo wote uko nje mbele ya wanafunzi wa kiume. Halafu tunaambiwa kina mama hawapendi kuvaa sare. Tunapenda, ila tunataka iliyoshonwa kwa ajili yetu. Mwalimu, usikusanye S, M, L kwenye karatasi. XL ya dukani moja ni M ya dukani kwingine. Mwite fundi na futi yake, ampime kila mtu bega, kifua, nyonga na urefu, na kina mama tupimwe na fundi wa kike au tupimane wenyewe tumpe namba.

Pili, mwenzetu anayevaa hijabu afikiriwe tangu siku ya kwanza. Mikono mirefu ya kitambaa kile kile na mtandio wa rangi ya fulana. Akiongezewa baadaye utakuwa umetoka roli lingine na rangi haitashika. Na asiyevaa suruali kwa imani yake avae sketi ya bluu ya giza ya malinda, ndefu, inaruhusu kukimbia. Tulifanya hivyo shule niliyotoka na hakuna aliyelalamika.

Tatu: mifuko. Matroni anabeba simu, pedi za wasichana, pesa ya maji, pini. Fulana haina mfuko, anabeba pochi, pochi inasahaulika benchini. Kile kizibao chake kiwe na mifuko miwili yenye zipu.

MwalimuWaPembeni

Madam, hoja ya mifuko peke yake imelipa uzi mzima. Asante dada.

FundiWaMakoroboi

Nina cherehani mitaa ya Makoroboi, nashona sare na jezi. Mwalimu ameumizwa na nembo kubanduka, acha nieleze kwa nini, maana wengi wanalaumu rangi kumbe ni ndoa ya kitambaa na aina ya uchapaji.

Kuna kuprinti kwa kuingiza rangi ndani ya uzi, ile inayofanyika kwa mashine ya joto kali la karibu nyuzi 200. Hiyo haibanduki milele, lakini inakubali poliesta tu na kitambaa cheupe au cha rangi nyepesi. Jezi nyingi zenye michoro ni hiyo. Kuna skrini, rangi inapakwa juu kupitia wavu, ni nzuri kwa fulana nyingi, ila kwa fulana 12 gharama ya kutengeneza skrini inawarudia nyinyi. Kuna ile ya filamu, mchoro unachapwa kwenye plastiki halafu unabandikwa kwa joto. Inapendeza siku ya kwanza kuliko zote na inakubali kitambaa chochote, ila ukiipiga pasi juu kwa juu au ukaifua kwa maji ya moto inaanza kuinuka pembeni. Nadhani ndiyo iliyowakuta. Na kuna kudarizi kwa uzi. Kwa fulana ya kola ya mwalimu, nembo ndogo kifuani, mimi nasema darizi. Itachakaa fulana, nembo ibaki. Sharti kitambaa kisiwe chepesi kama jezi, maana uzi utakivuta kikunjamane kama mdomo wa mfuko, na nyuma fundi aweke kitambaa kigumu cha kushikilia.

Kitambaa sasa. Pamba tupu inapendeza mwilini lakini inakunywa jasho na kulishika, ikilowa inakuwa nzito na inachelewa kukauka. Poliesta tupu hainywi karibu chochote, inakauka haraka, ila ya bei rahisi inabana joto na harufu haitoki. Mchanganyiko, poliesta nyingi kidogo na pamba, ndiyo nashonea walimu. Msimwamini muuzaji, mjaribu wenyewe. Chomoa nyuzi chache, ziwashe kwa kiberiti mbali na kitambaa. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inaacha kijidonge kigumu cheusi na harufu ya plastiki. Mchanganyiko utakupa vyote viwili.

Uzito nao. Fulana ya kola inayosimama vizuri ni kama gramu 200 kwa mita ya mraba. Kujua: kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime. Gramu mbili maana yake 200. Mizani ya kupima gramu mbili utaipata wapi? Mwanza hii, nenda kwa wanunuzi wa dhahabu, mmoja wao atakupimia bila shida, mimi ndivyo ninavyofanya.

Rangi kuchuja: lowesha leso nyeupe, sugua kwa nguvu mara ishirini. Leso ikibeba rangi, rudisha. Kusinyaa: chora mraba wa sentimita 30 kwa kalamu, fua, anika, pima tena.

Na zile fulana tano za kijani kingine, mwalimu, hapo hakuna uchawi. Roli mbili zilizotiwa rangi siku tofauti hazifanani hata kama namba ya rangi ni moja. Nunueni kitambaa chote siku moja kutoka roli moja, na mbakize.

MwalimuWaPembeni

Fundi, nimekaa nimekopi hii post yote kwenye daftari. La mizani ya dhahabu nitalifanya kesho kutwa.

Swali: rangi mbili kwenye fulana moja inakutatizeni? Nimewaza hivi: mwili wa fulana bluu ya giza, mabega mpaka juu ya mgongo rangi ya chungwa. Anayelitazama benchi yuko wapi? Watazamaji wa shule zetu wanakaa juu ya mawe na miinuko, wanaona mabega. Mtoto aliye uwanjani anamwona mwalimu kifua na mabega. Na jua la saa nane linapiga mabega, hapo ipo rangi inayolirudisha, wakati jasho la kwapa na tumbo linafichwa na bluu. Chungwa na kijani zinaachana kwa mwanga, kama alivyosema Refa.

FundiWaMakoroboi

Haitatizi, inaongeza mshono mmoja. Ila chungwa ijaribu kuchuja kwanza ikiwa imeunganishwa na bluu. Bluu ya giza mbaya huitia chungwa madoa ufuaji wa kwanza tu na huo uchafu hautoki. Nitakushonea kipande cha majaribio.

IgomaMwisho

Chungwa tupu ningekataa, mngeonekana kama watu wa barabara. Ya mabegani nakubali. Naanza kuielewa picha yako mwalimu.

NansioMjini

Sisi wa Ukerewe tuwaongezee jambo la safari. Timu zetu zikija Mwanza zinavuka kwa kivuko. Pale gatini ndipo mtoto anapopotea kuliko uwanjani: abiria, mizigo, baiskeli, magunia ya dagaa, kila mtu anasukumana kuwahi. Walimu wetu huvaa vazi la benchi tangu asubuhi ya safari, mmoja anatangulia kuingia, mmoja anafunga mlango nyuma, watoto wanaambiwa kaeni kati ya rangi mbili. Tukihesabu tunahesabu walio kati yao. Kwa hiyo mwalimu usilitunze lile vazi kwenye begi mpaka kiwanjani. Na kwa kuwa linafanya kazi siku nzima, Fundi yuko sahihi, likauke upesi. Tunafua usiku bwenini, asubuhi linavaliwa.

Ila juu ya maji, jaketi la kuokolea ndilo linakuja juu ya yote, hata kama linafunika nembo.

NesiWaZamuUsiku

Naomba niingie kwa mhudumu wa huduma ya kwanza. Karibu kila shule nayoona inamshonea kizibao cheupe chenye msalaba mwekundu. Naombeni muache. Msalaba mwekundu ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, ni ya huduma za tiba za jeshi na ya harakati ya Msalaba Mwekundu, si alama ya kila anayebeba bandeji. Alama ya huduma ya kwanza inayotambulika ni msalaba mweupe juu ya kijani. Najua kijani ni jezi yenu, hivyo fanyeni kizibao cha chungwa tupu, na mgongoni mraba wa kijani wenye msalaba mweupe mkubwa.

La pili nalisema kwa uzito. Kama kuna mwalimu au mwanafunzi mwenye ualbino kwenye msafara wenu, mavazi yake ni kinga ya maisha. Jua la huku linaleta saratani ya ngozi kwa ndugu zetu hawa wakiwa bado vijana. Mikono mirefu, kola inayosimama, kofia ya pama pana inayofunika masikio na shingo, kapelo haitoshi hata kidogo. Kitambaa kishikilieni juu kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita wazi katikati ya nyuzi, na jua linapita. Na mafuta ya kukinga jua, yale yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yao, yawe ndani ya sanduku la huduma ya kwanza pamoja na bandeji.

MwalimuWaPembeni

Nesi, asante sana. Kocha wetu wa riadha ana ualbino. Kwa miaka yote minne amekuwa akisimama na mwavuli wake na shati lake la mikono mirefu la nyumbani, na kwenye picha za timu anaonekana kama mgeni. Hakuna aliyekusudia, lakini hakuna aliyemuuliza, na mimi nikiwamo. Leo nimemfuata maabara nikamuuliza anataka nini. Akasema mikono mirefu yenye kitanzi cha kidole gumba ili isipande akinyoosha mkono kuonesha, na kofia yenye kitambaa cha kushuka shingoni. Basi nimeamua kofia za wote 12 ziwe za pama, za aina moja na yake. Sote tunaungua, yeye zaidi.

MhasibuMstaafu

Pesa inatoka wapi? Kama ni ya shule, manunuzi ya fedha za umma siku hizi yanapitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi wa mtandaoni, usikimbilie dukani na noti mkononi halafu utafute risiti baadaye. Na wazazi msiwaguse bila utaratibu. Tangu elimu bila ada ianze 2016, michango ina vibali vyake, na mavazi ya walimu ni kitu cha mwisho ambacho mzazi wa Buhongwa atakielewa.

MwalimuWaPembeni

Mzee wangu, shikamoo. Tumekaa kikao tukaamua hivi: fulana na kofia kila mwalimu ananunua yake na inakuwa mali yake, hata akipata uhamisho aondoke nayo. Vizibao vya majukumu ni mali ya shule, vinakaa stoo, vinaandikwa kwenye leja. Ndiyo maana pia hatuandiki majina ya watu mgongoni. Tunaandika kazi: KOCHA, MATRONI, HUDUMA YA KWANZA, VIFAA. Mwalimu anahamishwa, kazi inabaki.

Hesabu imekuja hivi: fulana 22,000 pamoja na darizi, mara 12 ni 264,000. Kofia 7,000, jumla 84,000. Vizibao vinne vya 8,000 ni 32,000. Yote 380,000, dhidi ya 660,000 za traksuti. Walimu wawili wamelipa kwa mafungu na Fundi amekubali.

MhasibuMstaafu

Marahaba. Hapo sawa. Risiti ya vile vinne itoke kwa jina la shule, si kwa jina lako.

MwalimuWaPembeni

MREJESHO

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu ya mitihani, nisameheni.

Kitambaa cha kwanza tulikikataa. Kilipita kwenye kiberiti, kikapita kwenye mizani, gramu mbili na kitu, lakini kipande cha majaribio kilipofuliwa bluu ilimwaga na bega la chungwa likawa na kivuli cha uchafu. Fundi mwenyewe ndiye aliyekileta na kusema hiki hakifai. Cha pili kilishika. Tulinunua roli moja na kubakiza.

Kina mama walipimana wenyewe ofisini kwa Madam wa taaluma. Mtandio wa mwalimu wa wavu umekatwa kitambaa kile kile. Suruali tulikagua kama IgomaMwisho alivyotahadharisha, tatu zilikuwa zimepauka kabisa, wenye nazo wamezitia rangi upya.

Jumamosi tulikuwa na mechi za kirafiki, shule tatu, uwanja mmoja wa shule huku Mkolani. Kocha wa riadha alisimama mwisho wa mbio za mita 100 mchana wote, mikono mirefu, kofia imeshuka shingoni, na ilibidi niangalie mara mbili nijue ni yeye au ni kocha wa kikapu. Nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Saa kumi hivi, kipa wa shule nyingine, mtoto mwembamba wa kama miaka 14, aliteguka kifundo cha mguu. Mwalimu wake alikuwa upande wa pili na timu ya netiboli. Yule mtoto aliinuka na mguu mmoja, akazunguka kutazama, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye msalaba mweupe mgongoni kwa mhudumu wetu, wenzake wawili wakambeba wakamleta. Alifungwa bandeji, akawekewa barafu, akakaa benchini kwetu mpaka mwalimu wake alipokuja.

Yenye kasoro nayo niyaseme. Kizibao cha VIFAA herufi ni ndogo, hazisomeki ukiwa upande wa pili wa uwanja, zinarudi kwa Fundi. Na zipu moja ya mifuko ya matroni imekwama.

MadamWaNetiboli

Ipake mshumaa hiyo zipu, itateleza. Yule binti wa kwenye mwembe bado anacheza?

MwalimuWaPembeni

Anacheza, Madam. Yuko kidato cha pili sasa, nafasi ya GA, ya kushambulia goli. Kitambaa kilichobaki ni mita moja na nusu, kiko kabatini kwangu, maana Januari tunategemea mwalimu mpya wa kikapu.